Swali Lililobaki kwa Mama Thadei

Gari la watafiti liliingia Kasansa wakati Marsela anapepeta mchele. Mumewe, Bartolomeo, alikuwa kalazwa mkekani kivulini, kwa ubavu wa kulia, maana wa kushoto ulishachubuka. Alipooza mwaka juzi, mvua zilipoanza. Tangu hapo hakuweza kujigeuza, na Marsela ndiye aliyemgeuza, peke yake, asubuhi, mchana na jioni, mpaka kiuno chake mwenyewe kikawa kinalia kama mlango mbovu.

Watafiti walikuwa wawili. Lusia alitoka Mpanda, Enoka alitoka Tabora. Mradi wao ulikuwa wa ushirikiano wa mikoa mitatu ya magharibi, ili mikoa hiyo ijue kwa pamoja wagonjwa wa majumbani wanatunzwa na nani. Jambo hilo jirani yeyote angewaambia bure, lakini jirani hana gari.

Lusia aliuliza mengi kuhusu Bartolomeo. Mwishoni akasema, "Na wewe mama, ukiugua, nani anakuuguza?"

"Kuleni kwanza, mwanangu," Marsela akajibu.

Pale kwao mgeni hajibiwi jambo zito akiwa na njaa. Anakula, ananawa, ndipo maneno yanaanza. Marsela akaingia jikoni kuinjika wali. Enoka akatazama mawingu upande wa mto Kavuu, akasema mto ukijaa hawavuki. Marsela alipotoka na sinia, gari lilikuwa limekwenda. Swali lilikuwa limebaki, limekaa kwenye kigoda cha Lusia.

Akalipakulia. Lilikula kidogo, kwa adabu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Swali halikuwa na mikono ya kuonekana, lakini jembe lilishika, maji lilichota, na Marsela alipokamata mabega ya Bartolomeo lenyewe lilikamata miguu. Maneno yake yalikuwa yale yale, kila jioni, kwa sauti ya Lusia: "Na wewe mama, ukiugua, nani anakuuguza?" Marsela hakulijibu. Alipenda kuulizwa. Mwanawe Thadei alikuwa Mpanda mjini, na tangu Pasaka hakuwa ameuliza chochote. Upweke ulikuwa umemshika Marsela vibaya, alikuwa amefikia kugombana na sufuria.

Kija, jirani yake, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe, alikuja kuomba kaa la moto. Akalisalimia swali, likaitikia.

"Hata kwetu walituachia," Kija alisema. "Letu lilikuwa linauliza maji tunachota wapi. Lilikuwa linalala zizini, ng'ombe wakalizoea kabisa."

"Sasa liko wapi?"

"Si walirudi? Wakasema nyie jibuni tu, kisima kitachimbwa. Nikajibu. Likainuka, likapanda gari. Swali likishajibiwa halikai, mama Thadei."

"Na kisima?"

"Kisima gani?" Kija akacheka, akaondoka na moto wake. Ndoo alikuwa ameiacha nje, akapitia nayo mtoni.

Katikati ya mvua malaria ikamwangusha Marsela. Zahanati ilikuwa na mganga lakini haikuwa na dawa, na mganga alituma pole. Marsela akalala chini, ubavuni mwa mumewe. Swali likawauguza wote wawili. Lilimkanda Marsela kwa kitambaa cha maji, likakoroga uji, likamshikisha Bartolomeo kikombe kwa mkono wake mzima. Uji ulikuwa na madonge, lakini ulinyweka.

Kiangazi watafiti wakarudi. Swali lilipoliona gari likasimama karibu na mlango, tayari kwa safari. Lusia alifurahi kumkuta mama mzima. Akaeleza kwamba nyumba zisizo na mtu wa kuuguza zitaletewa mhudumu. Mikoa yote mitatu ilikuwa imeafikiana, kilichobaki ni jibu lake tu.

Jibu Marsela alikuwa nalo, lilikuwa neno moja. Akamtazama Lusia, binti mwenye nia njema kabisa. Akalitazama swali pale mlangoni.

"Usiseme," Bartolomeo akamwambia, kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi.

Lusia akauliza tena, safari hii kwa upole zaidi. Machozi yakamtoka Marsela, akayafuta na ncha ya khanga.

"Hana jibu," Enoka akasema, akaandika hivyo. Na kwa utaratibu wa ushirikiano ule, nyumba isiyo na jibu ilihesabiwa kuwa haina shida.

Gari likaondoka na viti vitupu nyuma. Mhudumu hakufika kwa Marsela, na kwa wale waliojibu hakufika pia. Jioni ile swali likaingia ndani, likauliza kama kawaida:

"Na wewe mama, ukiugua, nani anakuuguza?"

"Shika miguu," Marsela akasema, wakamgeuza Bartolomeo.