Mume wa Ukurasa wa Mwisho

Kwenye ukurasa wa mwisho, mume mhuni anapiga magoti, anasema "Nisamehe," mkewe anamwinua, ngoma inaanza. Ndivyo ilivyoandikwa, na Denise, aliyeigiza mke, akagoma.

"Simwinui," alisema.

Ilikuwa Jumapili, karakana ya nguo pale Kangle, mtaa wa Kichina wa washonaji, imepoa. Wakongo wa darasa la jioni la kanisa walikuwa wamesukuma marobota ya vitambaa ukutani wapate jukwaa. Mwalimu wao, Emmanuella, aliwatafsiria mchezo wa Ulaya wa miaka mia nne iliyopita, na wa kuigiza mhuni akamchagua Jules, mume wa kweli wa Denise, ambaye Denise alimfukuza nyumbani tangu Pasaka kwa sababu ya wanawake wengine. Mwalimu alitumaini jukwaa lingewapatanisha.

"Mama Hadassa, zamani ndivyo walivyomaliza," Emmanuella alibembeleza. "Mhuni anatubu, watu wanapiga makofi, wanaenda kula."

"Ukurasa uliotangulia alikuwa kwa mwanamke mwingine. Ametubu saa ngapi? Akifunga vifungo vya shati?"

Walioketi juu ya marobota walicheka. Jules, bado kwenye magoti, hakucheka.

"Huyu anapimwa kama jinzi za Xintang," Clément, mpiga ngoma wao, alitania.

Wote walijua. Denise, aliyefanya biashara ya nguo, hakuwahi kuagiza jinzi kwenye viwanda vya Xintang bila kulowesha kipande na kukisugua kwenye leso nyeupe. Wauzaji waliapa kwamba rangi haitoki. Leso ikarudi ya bluu.

"Ndiyo," alisema Denise. "Viapo nasikia kila wiki. Mimi naangalia leso."

Mgongoni mwa Denise, mtoto wao Hadassa akaamka na kuanza kulia. Jules akanyoosha mikono. "Nipe nimbembeleze. Hii haimo kwenye mchezo."

Denise alimtazama. Moyo wake ulikuwa bado unamtaka, na kwa sababu hiyohiyo aliuzuia. Akafungua kitenge, akampa mtoto.

Jules alizunguka katikati ya cherehani akiimba polepole. Mtoto alimtapikia begani. Hakuita mtu, alijifuta, akaendelea kuzunguka mpaka kilio kikaisha.

Denise akachukua kalamu, akaukata mstari wake, akaandika mwingine. Wakarudia. Jules akapiga magoti, mtoto kifuani.

"Nisamehe."

"Njoo kesho," Denise alisoma. "Na kesho kutwa uje tena."

"Tupige ngoma?" Clément aliuliza.

"Bado."

Walipokuwa wanarudisha marobota, Jules alimsogelea. "Huo mstari ni wa mchezo tu?"

"Kesho alfajiri naenda Xintang. Mtoto hawezi kushinda na mimi kwenye jua. Usichelewe."

Kulikuwa hakujapambazuka mlango ulipogongwa. Jules alisimama nje na pakiti ya nepi, saizi yenyewe. Denise alimwonyesha uji ulipo, akambusu Hadassa. Mtoto alimwachia Jules. Ufunguo wa nyumba bado aliondoka nao, pamoja na leso yake nyeupe, na kwenye basi akajikuta anatabasamu.