Panya Asiye na Pa Kutokea

Kabla mwanawe hajaoa, hakuna aliyemfikia Mama Paka kwa kukamata panya. Jina hilo alipewa na majirani, naye alilibeba kwa madaha. Alikuwa akisimama kimya kando ya tundu, kitambaa mkononi, akingoja mwizi akimbilie kwake. Wanaume wazima wakiwa wamepanda viti, yeye alikuwa keshamdaka. Jioni mwanawe, fundi baiskeli, alisema akitafuna, "Mama, bila wewe tungeshaliwa hata masikio." Maneno hayo yalimshibisha kuliko chakula chenyewe.

Ndipo akaja mkaza mwana. Binti mpole, hana maneno mengi, ila mikono yake haitulii. Aliizunguka nyumba nzima kwa magoti akitafuta matundu, hata yale yasiyopitisha kidole. Akayashindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, juu akakandika saruji. Chini ya mlango akapigilia kipande cha tairi. Miguu ya ghala akaivisha bati, na nafaka zote akazitia kwenye madebe yenye vifuniko. Haukupita muda, panya wakahama bila kuaga.

"Umeona, mama?" mwanawe akasema. "Mke wangu kawakomesha! Sasa wewe pumzika tu."

Pumzika! Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Watu walidhani bibi ananuna kwa sababu ya uzee. Uzee gani! Ulikuwa wivu, wivu mtupu wa kumnyima mtu usingizi. Majirani waliokuwa wakimbishia hodi yeye sasa walimpita barazani na kwenda jikoni kumwuliza mtoto wa juzi namna ya kukoroga saruji.

Akaanza kusaka kasoro. Akapitisha kidole ukutani, asione kitu. Akamwaga makombo mlangoni ili panya warudi, wakaja kuku wa jirani.

Basi mchana mmoja akamnasa panya kwenye banda la jirani, akamfunga kwenye pindo la nguo yake. Mkaza mwana alikuwa uani akianika nguo. Mama Paka akaingia sebuleni, akalifungua pindo, kisha akatoka kukaa barazani kama mtu asiyejua lolote. Alichotaka ni kitu kimoja tu: aitwe.

Akaitwa. "Mama! Mama wee, njoo!"

Binti, aliyekuwa ameingia kutoka uani, alikuwa juu ya meza, tumbo lake kubwa la ujauzito likipanda na kushuka. Mama Paka akaingia na kitambaa chake, akaufunga mlango nyuma yake, moyo ukimcheza kwa furaha. Lakini ustadi wake wote ulikuwa wa kungoja kwenye tundu, na nyumba ile haikuwa na tundu. Panya alikimbia pembe hadi pembe, akaruka ukutani, akarudi. Mama Paka akatupa kitambaa, akakosa. Akatupa tena, akakosa tena.

Binti hakumcheka. Alishuka mezani akilia, akapiga magoti na kuanza kupapasa ukuta.

"Kuna mahali nimeacha tundu. Sijui wapi, mama, lakini nimeacha."

"Inuka, utaumia."

"Siwezi. Mimi nawaogopa mno hawa. Kwetu panya alimtafuna mdogo wangu kidole, angali mchanga. Niliapa mtoto wangu asije akawakuta."

Akalala ubavu ili mkono ufike nyuma ya kabati, akihema. Mama Paka alimtazama akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Aibu ikamshika.

"Acha kutafuta, mwanangu. Hakuna tundu."

"Sasa ameingiaje?"

"Nimemleta mimi. Kwenye nguo yangu."

Mkono wa binti ukatoka taratibu nyuma ya kabati, umejaa vumbi. "Wewe, mama? Kwa nini?"

"Wivu. Tangu uje, hakuna anayeniita. Nilitaka uniite."

Binti akaketi sakafuni, akamkazia macho yasiyo na machozi tena. Panya akapita katikati yao.

"Tutagombana, mama," akasema, akijiinua kwa kushika kabati. "Tena sana. Lakini mtoe kwanza. Mimi nafungua mlango uwe tundu lake, na kumfukuza kutoka huku. Wewe simama pale kizingitini, na safari hii usikose."

Mama Paka akaokota kitambaa chake, akaenda kusimama pale alipoambiwa.