Kijiko cha Mashine ya Pili

Jumatatu ya kwanza ya umeneja wake, Bosi Mdogo alifika kiwandani mapema, akavaa koti jeupe lililompwaya, akamkuta kaka yake kwenye mashine ya kwanza ya kukandia unga. Walikuwa wamemzika mwezi uliopita. Alikuwa na unga mpaka viwikoni, na aproni kaifunga upande upande kama kawaida yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umechelewa."

Hakuwa amechelewa, ila kaka mtu hata akifa habadiliki. Pale kiwandani jina lake lilikuwa Taratibu, na wenzake walimsalimia kwa jina hilo, kisha kila mmoja akashika kazi yake. Aliyenuna ni mtu wa tanuri peke yake, kwa sababu alikwisha kulichukua kabati la nguo la marehemu na sasa ingembidi alirudishe.

Tatizo lilikuwa kijiko. Kila mashine ilikuwa na kifuniko cha wavu, na kikifunguliwa tu, swichi huizima mashine. Zamani mjanja mmoja aligundua kwamba ukichomeka mpini wa kijiko kwenye swichi ile, mashine huendelea kukanda kifuniko kikiwa wazi, nawe unaongeza maji bila kuisimamisha. Ndivyo mkono wa shati la Taratibu ulivyonaswa, na Taratibu akafuata. Baada ya maziko kijiko kilioshwa, kikarudishwa mahali pake. Sasa mwenyewe alikuwa amerudi, na kila kilipochomekwa alikichomoa. Mikate ikachelewa.

Mkurugenzi alimwita Bosi Mdogo ofisini. Ni yeye aliyempandisha cheo kutoka kwenye meza ya kupimia unga, msiba ukiwa haujapoa, akisema ni kwa ajili ya bidii yake, na bidii alikuwa nayo kweli. Wiki hiyohiyo mkurugenzi alimwajiri pia wifi yake Bosi Mdogo, mjane wa Taratibu, akamweka mashine ya pili.

"Watu, mashine, muda. Vyote hivyo sasa viko mikononi mwako," alisema mkurugenzi. "Mimi siulizi nani yu hai. Nauliza mikate iko wapi."

Bosi Mdogo alirudi kwa kaka yake.

"Kaka, kwani hatukukuzika vizuri?"

"Mlinizika vizuri sana, asante. Ila sipati usingizi. Nikilala naisikia mashine ya pili."

Akaelekeza kidevu upande wa pili. Mkewe alikuwa ameinama juu ya mashine iliyo wazi, mkono mmoja ndani, kijiko kwenye swichi.

"Si ukakichomoe na kile?"

"Sijapangiwa kule. Anayepanga zamu ni meneja."

Bosi Mdogo aliogopa, na hofu ile ikamtia hasira, akajifunga kibwebwe. Wiki nzima alizunguka kutoka ghala la unga mpaka tanuri akitafuta muda unavujia wapi. Haukuwa unavujia kwenye kifuniko. Ulivujia kwenye maji, ambayo watu waliyapima kwa macho: tia, tazama, tia tena. Akaagiza maji yapimwe kwa ndoo zenye alama, yaingie pamoja na unga, kisha kifuniko kifungwe.

Walimbishia. Wakubwa kwake kiumri walimkumbusha kwamba juzi tu alikuwa anafagia unga sakafuni. Aliwasikiliza, akakubali pale walipokuwa na haki kuhusu hamira, akakataa kwingine, akakanda mwenyewe mbele yao, akaharibu, akarudia. Ijumaa mashine zote mbili zilikanda zimefungwa, vijiko vikiwa jikoni kwenye chai, na mikate ikatoka mapema kuliko zamani. Wifi yake alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jumamosi Taratibu hakuja kazini.

Mkurugenzi alikuja yeye. Alitazama trei zilizojaa, akampongeza meneja wake mbele ya watu wote.

"Sasa fikiria," alisema, "ukifanya hivihivi kifuniko kikiwa wazi, tutatoa mingi kiasi gani?"

"Tutatoa maiti mwingine."

"Mwanangu, usiogope kukua."

Akaagiza vijiko vipya, vya chuma kizito. Bosi Mdogo alikataa kuviidhinisha. Akaeleza, akaonesha hesabu ya mikate, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikio la kufa halisikii dawa. Mkurugenzi aliidhinisha mwenyewe, na fundi akavichomeka.

Jumatatu Taratibu alikuwa amerudi kwenye mashine ya kwanza, macho mekundu ya mtu aliyeamshwa.

Bosi Mdogo alichukua kalamu na karatasi. Aliketi akaandika upya ratiba ya zamu: kaka yake mashine ya pili, kando ya mkewe, yeye mwenyewe mashine ya kwanza. Akaibandika ukutani. Mkurugenzi aliisoma mpaka mwisho, akatabasamu.

"Marehemu halipwi," alisema. "Sasa ndiyo umeanza kuwa meneja."

Taratibu naye aliisoma.

"Mpaka lini, mdogo wangu? Nimechoka."

"Mpaka nichoke na mimi."

"Wewe tangu utoto hujawahi kuchoka."

"Basi funga hiyo aproni vizuri."

Aliifunga, akasogea kando ya mkewe, ambaye alimpisha nafasi bila kuinua macho. Akachomoa kijiko. Kwenye mashine ya kwanza dada yake, Bosi Mdogo, akachomoa cha kwake. Mashine zote mbili zikanyamaza, na fundi alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na vingine viwili.