Nyumba Inayomsikiliza Kokwijuka

"Leo wakija watu wa ustawi, usiuguse huo mlango wako," Placidia alimwambia bintiye huku akimfuta uji kidevuni. "Ulale tu mkekani. Wakikusikia unaamrisha, kiti mwendo tutakiona kwa wenzetu."

Kokwijuka alicheka. Ana miaka kumi na miwili. Miguu haijawahi kumbeba, mikono hujiendea inakotaka. Ulimi ndio uliosalimika. Mjomba wake Winston, fundi umeme wa Nkwenda, aliufungia mlango mota ya waipa ya gari, akaiunganisha na simu ambayo mtoto huivaa shingoni. Akisema "fungua", unafunguka. Akisema "taa", inawaka. Zamani mama akienda shamba alimfungia ndani kama mbuzi. Siku hizi umbea wote wa Nyaishozi unapitia mkekani kwake.

Mvua ikashuka, mama yuko migombani.

"Hodi! Jamani, tunalowa!"

Nani aliyelelewa akamwacha mgeni mvuani? "Karibuni waitu, ndugu zangu! Fungua!"

Bwana Kahigi, afisa ustawi, akaganda kizingitini, maji yakimchuruzika.

"Shikamoo. Ngoja niwawashie taa," alisema mtoto.

Placidia alipofika mbio, jani la mgomba kichwani, nyumba ilishajaa majirani. Immaculata wa dukani alikuwa akisimulia utadhani mota kaibuni yeye. "Hata redio anaizima! Huyu mheshimiwa, anatumikiwa!"

"Nimeona mwenyewe," alisema Kahigi. "Mama, kiti ni cha asiyejiweza. Huyu nyumba nzima inamsikiliza. Mimi hata mke wangu hanisikilizi."

Watu wakaangua kicheko. Placidia hakucheka.

"Bwana afisa, mlango ukishafunguka, anatokaje? Namtoa mimi, mgongoni. Na mgongo umekwisha. Shule anaisikia kengele tu."

"Mshukuru Mungu. Kiti nakipeleka Mabira, kuna mwenye shida kweli." Akaurudisha mlango kwa mkono, akatoa simu yake. "Haya mwanangu, tufungulie tena nirekodi. Wakubwa waone watu wetu wanavyojitegemea."

Kokwijuka akamtazama mama. Mama, akidhani labda utii utamlainisha mtu huyu, akaitikia kwa kichwa.

"Fungua."

Mvua ilikuwa imekatika. Nje, nyuma ya pikapu ya afisa, kiti kilikuwa kimefungwa kamba, kingali na nailoni ya kiwandani. Kilikuwa kidogo. Saizi yake kabisa.

Wote wakamiminika uani pamoja na Kahigi, waione video ikirekodiwa, wakimwacha Placidia amechuchumaa kando ya mkeka. Kahigi akageuka, simu bado juu. "Haya, shujaa wetu, waage wageni!"

"Funga," alisema Kokwijuka.

Mlango ukajifunga usoni pake.

Huko nje wakapiga makofi. "Umeona?" sauti ya Immaculata ilipaa kuliko zote. "Mwambie arudie! Koku, rudia, mwanangu, afisa hajamaliza kurekodi!"