Kingori wa Kila Umri

Asubuhi ya Jumanne Kingori aliamka akiwa na miaka miwili, na kwa sababu hiyo mama yake, Watiri, alichelewa langoni. Hakuna mtu aliyewahi kumvika mtoto wa miaka miwili kwa haraka. Ukimaliza kuingiza mkono wa kushoto, wa kulia umeshatoka. Watiri alifika akikimbia, jembe begani, karai kichwani, na mtoto mgongoni akimvuta sikio kana kwamba anaendesha gari.

Langoni alikaa Masinde, askari aliyeletwa Nyeri kutoka magharibi kuja kuhesabu watu wa kijiji wakitoka na wakirudi. Alihesabu kwa maharagwe. Kila aliyepita, punje moja ilihama kutoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto.

"Hii mtoto leo iko miaka ngapi?" aliuliza.

"Miwili."

"Pole, mama. Hiyo ya miwili ni mbaya sana."

Akahamisha punje mbili, kubwa na ndogo, akawafungulia lango.

Kwa hesabu ya kawaida Kingori alikuwa na miaka kumi na miwili. Alizaliwa mwaka wa njaa ya mihogo, na hilo lilijulikana na kila mtu. Lakini tangu siku ile nyumba za upande wao wa mto zilipochomwa, na watu wote wakaletwa katika kijiji kipya chini ya mnara wa homgadi, wale walinzi wenyeji wa serikali, mtoto huyo alikuwa akiamka na umri mwingine. Sababu yake pia ilijulikana. Umri ambao Watiri aliulalamikia jioni, ndio mtoto alioamka nao asubuhi.

Kwa hiyo Watiri alijifunza kulalamika kwa akili. Akitaka kuni, jioni alikaa mekoni akasema watoto wa miaka kumi wanamchosha, na asubuhi kulikuwa na mtu wa kutumwa kuni. Akiwa na upweke, maana mumewe Peterson alikuwa amefungwa katika kambi ya mbali, alilalamika juu ya watoto wachanga, na usiku uliofuata alikuwa na kitu cha kukumbatia. Mara moja tu alikosea. Alikuwa amechoka, akasema wanaume wa miaka thelathini hawana maana. Asubuhi akamkuta mwanawe kitandani ana ndevu, anauliza chai iko wapi. Alimficha ndani mchana kutwa, naye mwana akala chakula cha siku tatu na kusema chumvi ilipungua. Tangu hapo Watiri hakuwasema wanaume tena baada ya saa kumi, jambo lililomwia gumu.

Nguo hazikuwa shida. Mke wa Masinde, Phelister, alimpa nepi za mtoto wake Seth. Majirani walileta vijikaptura na sweta. Cucu Wachuka, bibi wa nyumba ya pili, alileta suruali tatu ndefu za wanawe, akasema zinakaa bure tu, hakuna wa kuzivaa. Watiri alizifua na kuzikunja kwa uangalifu kana kwamba wenyewe watakuja kuziulizia.

Kazi ya wanawake ilikuwa kuchimba handaki kuzunguka kijiji. Lilikuwa handaki la kuzuia watu wa msituni, waliopigana na serikali, wasipate chakula kijijini. Kijijini hakukuwa na chakula, lakini handaki lilikuwa zuri. Walilichimba tangu asubuhi hadi jua lipungue, bila malipo, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi na midomo haikuwa nayo, walizungumza juu ya watoto.

"Mchanga hana taabu," alisema Cucu Wachuka, aliyezaa wanane. "Unamweka pale, unamkuta pale. Taabu ni yule wa miaka mitatu. Yule ni serikali. Anaamka kabla yako, kila kitu anasema hapana, na vyote ulivyo navyo ni vyake."

"Cucu, punguza sauti, homgadi yuko juu."

"Anisikie. Na yeye alikuwa na miaka mitatu. Nilimshuhudia akila udongo."

Homgadi aliyekuwa ukingoni aliangalia upande mwingine.

"Mimi nasema wa kumi na mitatu," alisema mwanamke mwingine. "Anakula sufuria nzima ya githeri halafu anakuuliza kwa nini unapumua kwa kelele."

"Mwulizeni Mama Kingori. Yeye amewaona wote, na wiki hii peke yake."

Watiri aliegemea jembe. Kingori alikuwa ameketi ndani ya karai, akitupa udongo nje ya handaki na kuurudisha ndani, kama wenzake wote.

"Kila umri una yake," alisema. "Wa leo ananiuma. Lakini akishaniuma anapabusu."

Siku ya Jumatano daraja la mtoni lilikutwa limechomwa. Jioni Theuri, hedimani aliyewekwa na serikali kukiongoza kijiji, alizunguka akigonga debe. Alitangaza kwamba Ijumaa asubuhi wanaume wote watasimama uwanjani, na kila aliyefika umri wa kubeba kipande cha kitambulisho, yaani miaka kumi na sita kwenda juu, atapandishwa lori kwenda kambini. Kwa kuwa watu wa kijiji walihesabu miaka kwa njaa, kwa nzige na kwa rika za tohara, na afisa wa wilaya alihesabu kwa namba, ilikuwa imeamuliwa zamani kwamba umri utatazamwa kwapani. Mwenye nywele ni mwanamume. Theuri ndiye aliyefanya kazi hiyo ya kutazama. Alikuwa mtu wa kanisa, na aliifanya akiwa amebana pumzi.

Watiri hakuogopa sana. Alihitaji Kingori awe mchanga asubuhi moja tu. Alhamisi mtoto aliamka na miaka mitano, akauliza maswali hadi jua likatua, na jioni, kabla ya kafyu, saa ya kukatazwa kutoka nje, wanawake walijaa ndani ya nyumba kumsaidia mama yake kulalamika.

Walilalamika vizuri sana. Walisema watoto wachanga hawalali. Walisema wanatapika begani hasa ukiwa umevaa nguo ya kanisa. Cucu Wachuka, ambaye juzi tu alikuwa amewatetea, alisimulia juu ya mzaliwa wake wa kwanza, aliyelia miezi mitatu mfululizo akanyamaza siku mchungaji alipokuja kumwombea, ili aonekane yeye Wachuka ndiye mwongo. Phelister alikuja kutoka kwenye nyumba za askari akiwa na nepi safi na kopo la maziwa.

"Mimi siwezi kuzaa tena," alisema. "Hii Seth ilinimaliza. Miezi sita sikuchana nywele. Watu walidhani niko na msiba."

Masinde mwenyewe alipita kuwaambia muda wa kafyu umefika. Alisimama mlangoni na bunduki yake, akasikia mazungumzo, akavua kofia.

"Ile ndogo kabisa ndiyo mbaya," alisema. "Seth ilinikojolea nikiwa nimevaa sare ya gwaride. Nilisimama mbele ya Inspekta nikiwa nimelowa mpaka kwa viatu. Ati Inspekta akaniuliza kama ninaogopa vita."

Kisha akavaa kofia, akawafukuza wote.

Kingori alikuwa amesikia yote akiwa kitandani. Alikuwa amekasirika.

"Mama, mimi nilikuwa mbaya hivyo?"

"Mbaya sana. Hujapata kuona mtoto mbaya kama huyo."

"Ulinitupa?"

"Nilitaka. Nilikosa mahali."

Mtoto alifikiri juu ya jibu hilo, akaridhika, akalala. Watiri alikunja nepi ya Phelister, akaiweka karibu na kichwa chake. Alikuwa amelalamika kuliko siku zote, koo lilimkauka. Akakaa akimwangalia. Aliona jinsi kidole kikubwa cha mguu kilivyokuwa kirefu kama cha Peterson. Akafikiri kwamba mguu ule utakua, na mwili utaufuata, hadi siku moja umfikishe kwenye umri ambao mtu mwingine anaweza kuja kumdai mlangoni kama karai la kuazima. Hakusema neno. Alilifikiria tu, kwa muda mfupi, akafunika moto kwa majivu, akalala.

Ikawa kwamba mdomo haukuwa na kazi yoyote tangu mwanzo; kilichosikilizwa ni moyo.

Asubuhi miguu ya Kingori ilikuwa imetokeza nje ya kitanda. Alikaa, akajikuna shingo, akainua nepi kwa vidole viwili.

"Mama," alisema kwa sauti nzito, "hii ni ya nani?"

Alikuwa na miaka kumi na sita, labda na miezi kidogo. Watiri alimpa suruali moja ya Cucu Wachuka, na ilimtosha vizuri. Alimpa maziwa ya kopo ayanywe yote, kwa kuwa yalikuwa yameletwa kwa ajili yake.

Uwanjani wanaume walisimama wameinua mikono kama watu wanaotaka kujibu swali darasani. Theuri alipita safu kwa safu. Kwa Kingori alikaa muda mrefu. Mwezi uliopita alimbeba huyuhuyu kutoka kanisani, akiwa amefungwa kwenye shuka, naye mtoto akamkojolea tai. Nywele zilikuwa chache, lakini zilikuwepo.

"Mama Kingori," alisema Theuri kwa sauti ya chini. "Si ungelalamika vizuri?"

"Nililalamika."

"Hizi mimi siwezi kuziona halafu nisizione. Yule bwana anaangalia."

Watiri alikwenda hadi mezani kwa afisa wa wilaya. Alisema mtoto wake ana miaka kumi na miwili, alizaliwa njaa ya mihogo. Karani alitafsiri. Afisa alijibu kwamba katika wilaya hii kila mtu alizaliwa kwenye njaa fulani.

"Basi mngoje hadi kesho," alisema Watiri. "Kesho atakuwa mwingine."

Afisa alisema anaamini kabisa, ila lori lilikuwa la leo.

Masinde aliamriwa kuwapandisha. Alimshika Kingori mkono wa juu, bila kumbana, akamweka nyuma ya kichwa cha lori ambapo hapana upepo, na kumwambia mzee mmoja amsogezee magoti. Phelister alikimbia kutoka kwenye nyumba za askari, Seth kiunoni, akatupa nepi nyingine ndani ya lori. Ilimwangukia mzee magotini. Mzee aliikunja, akaitia mfukoni, maana ilionekana ni kitu kitakachohitajika.

Kilihitajika. Masinde alisindikiza lori, akabaki kambini siku kumi, na aliporudi alimweleza Watiri yote. Jumamosi Kingori aliamka kambini akiwa na miezi mitano. Mkuu wa kambi alitazama, akaona namba iliyofungwa mkononi imechopoka, akaamuru ifungwe kiunoni. Aliingia akiwa mwanamume, akasema mkuu, na kambi haina mlango wa kutokea wachanga. Wafungwa walimlea. Walipeana zamu ya kumbembeleza, naye akamnyima usingizi kila mtu wa banda lile, hata wale waliokuwa wamehukumiwa kwa sababu ya ugumu wao wakawa wanaimba nyimbo za bibi zao. Wiki iliyofuata alikuwa na miaka miwili, akamuuma askari kidole. Akaongezewa kifungo cha mwaka mmoja, ambao ulikuwa nusu ya maisha yake.

"Baada ya kumuuma, alipabusu?" aliuliza Watiri.

Masinde alikumbuka. "Alipabusu. Askari alilia kidogo. Lakini mwaka ni mwaka."

Watiri aliomba kibali cha kumwona. Alijibiwa kwamba kibali kinatolewa kwa jamaa wa mfungwa wa miaka kumi na sita, na wakati huo kambini hakukuwa na mfungwa wake wa umri huo.

Handaki liliagizwa lizidishwe kina. Wanawake walirudi kuchimba, na siku moja, udongo ukiwa umelainika kwa mvua, walianza tena.

"Mama Kingori, sasa umepata muda wa kufikiri. Umri gani ndio mbaya?"

"Ule unaohesabiwa na mtu mwingine," alisema Watiri.



"Bado nasema miaka mitatu," alisema Cucu Wachuka.

"Hata hiyo, Cucu," alisema Watiri, na filimbi ikalia, wakainama.

Nyumbani alipanga nguo juu ya kitanda kwa ukubwa, kuanzia nepi hadi koti la Peterson, ili mtoto yeyote atakayerudi asikose cha kuvaa. Jioni hakulalamika juu ya umri wowote. Hakujua kama ilisaidia.

Na kila asubuhi alipita langoni na jembe lake na karai tupu. Masinde alihamisha punje yake moja. Kisha aliingiza tena mkono mfukoni, akapapasa, kwa kuwa hakujua mtoto ameamka na ukubwa gani leo, akachagua haragwe la wastani, akalihamisha pia. Akafungua lango, wakatoka, akalifunga nyuma yao.