Senene wa Protase

Tangu asubuhi marabi wawili walikuwa sebuleni kwangu Izimbya, wakibishana juu yetu, Wahaya tunaoshika Sabato. Mzee alisema sisi si Wayahudi mpaka tuzamishwe majini, tuanze upya. Kijana, aliyekulia Nairobi na ndiye aliyetutafsiria, alisema kama desturi zetu zimetoka kwa mababu, basi tumekuwa Wayahudi siku zote.

Mimi nilimuwaza mume wangu Protase. Ndiye aliyetuanzishia Sabato, akafa mwaka juzi. Kama ni maji, yeye atabaki nje, huko kaburini nyuma ya migomba.

Nilileta sahani ya senene, panzi wetu wa kukaanga. Mzee akaitazama bila kuigusa.

"Panzi wanaliwa na Wayahudi wenye mapokeo ya mababu tu. Nyinyi mmewala kwa sheria ya Musa tangu lini?"

"Tangu mababu!" alidakia Mushumbusi, kiongozi wetu. "Wanaume kwa wanawake. Au siyo, Ma Rosalina?"

Jana yake tulikubaliana niitikie. Mzee akanigeukia.

"Wewe, mama?"

Ndiyo moja tu, na Protase angekuwa ndani.

"Kwetu Wahaya, mwanamke alikamata senene, akawakaanga, asionje," nilisema. "Mama yangu alikufa hajaonja. Mimi nilikula baada ya Protase kusoma kwenye Torati kwamba panzi wameruhusiwa, wala haikusema wanaume tu. Akanilisha kwa mkono wake, mama mkwe akitazama."

"Umetumaliza, waitu, mwenzetu!" alinong'ona Mushumbusi.

Kijana alitafsiri polepole, bila kuniongezea wala kunipunguzia. Mzee akafumba macho.

"Basi ni maji. Wote. Alhamisi, rabi wa tatu akifika, maana lazima tuwe watatu, ziwani Bukoba."

"Na Protase?"

Mzee alisimama. Aliomba nimwonyeshe kaburi. Njiani alisogeza majani ya migomba yasinipige usoni. Tulipofika aliokota jiwe, akaliweka juu ya kaburi, kama Wayahudi wafanyavyo kwa wafu wao.

"Siwezi kusema alikuwa Myahudi," alisema, na kijana akatafsiri. "Ila kwenye cheti chako cha Uyahudi nitaandika nani alikufundisha. Nitajie jina lake lote."

Nikamtajia, herufi kwa herufi.

Tuliporudi, Mushumbusi hakunitazama. Alikuwa amekula senene kwa hasira, lakini alikuwa ameniachia nusu sahani, akaifunika.