Mstari Mmoja wa Gervas

Injinia Gervas alichora mstari mmoja wa presha ya mtambo akauita hesabu. Ulikuwa mstari mzuri, wa bluu, ulioanza na alizeti kavu ukaishia pale alipotaka yeye. Mzee Nathan, mwenye kiwanda chetu hapa Iguguno, aliutazama kwenye kompyuta akaagiza mtambo uwashwe kesho yake.

Mtambo wenyewe ni sufuria kubwa iliyofungwa, ya kupika alizeti kwa mvuke kabla ya kukamuliwa. Kompyuta ndiyo inayoamua moto uongezwe au upunguzwe. Anayesimama ubavuni mwa sufuria saa zote ni mama Emiliana.

Mimi, msaidizi wa Gervas, nilirudia hesabu. Sikuanza na alizeti ya aina moja. Nilianza na zote zinazoweza kuletwa, kavu hadi zilizolowa, nikatafuta kila hali ambayo sufuria inaweza kufikia. Haukutoka mstari, lilitoka wingu la nukta, kila nukta hali moja ya sufuria. Mwanzoni lilikuwa jembamba. Lakini maji yakizidi kidogo, mvuke hauzidi kidogo. Wingu likatanuka ghafla, likavuka presha ambayo mfuniko unaweza kuhimili.

Nilimpelekea Gervas. Aliniuliza kama chuoni tulifundishwa kupiga hesabu au kuogopa, akasema alizeti yenye unyevu ule haipo duniani.

Ipo. Wauzaji hunyunyizia magunia maji ili yawe mazito kwenye mizani. Iguguno nzima inajua, na Gervas anajua kuliko wote, maana shehena ya kwanza ililetwa na baba yake. Katika hesabu yake alimfanya baba kuwa mtu mwaminifu, basi. Angekiri unyevu, angekiri na udanganyifu wa baba yake.

Asubuhi Mzee Nathan alikuja amevaa koti. Nilimwamkia, nikamgeukia Gervas. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

"Injinia, naomba usimame wewe mahali pa mama Emiliana. Mpaka ipikike hii ya kwanza tu."

Gervas alitazama sufuria. Kisha akatazama magunia ya baba yake, yaliyoloa hadi chini. Mtu aliyeamini mstari wake angepiga hatua tatu tu. Yeye alitoa simu mfukoni, akaisoma ikiwa imezimwa, akamwambia Mzee Nathan kwamba umeme wa leo ni mdogo, afadhali tuahirishe. Taa zote zilikuwa zinawaka.

Mama Emiliana alikuwa ameshaondoka pale kwenye mtambo, anajifunga khanga upya.

"Gervas, mwanangu," alisema taratibu, "msalimie baba. Mwambie alizeti azianike."